Stei Nne za Kona ya Kushoto

Siku kumi na moja baada ya kustaafu na kukabidhi funguo za banda la injini, fundi mmoja wa karakana kuu alinipigia simu kuuliza grisi ya egemeo la mbele hupitishwa wapi. Nikamweleza kuna kifuniko kidogo chini ya tangi la maji, upande wa kulia, kimepakwa rangi nyeusi kama kila kitu kingine, ndiyo maana hakukiona. Akashukuru, akakata simu. Nikabaki nimekaa nyumbani hapa Nunguni nikijiuliza ni mambo mangapi mengine nimeondoka nayo bila kumwambia mtu. Ndiyo sababu naandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara sitautaja kwa sababu hiyohiyo.

Kwa wale ambao hamjawahi kuiona ikitembea, garati ni injini ya mvuke yenye viungo. Usifikirie gari moshi la picha za vitabu vya shule. Fikiria injini mbili, kila moja na magurudumu yake na pistoni zake, moja mbele na moja nyuma, halafu boila kubwa limelazwa katikati kama daraja. Ya mbele hubeba maji, ya nyuma hubeba mafuta mazito ya kuchoma. Reli yetu ya zamani ni nyembamba, na ukitoka Mtito Andei kupanda kuelekea Ulu kona ni nyingi. Injini ndefu ya kawaida ingeng'ang'ana na kona hizo mpaka ing'oe reli. Garati hujikunja. Ukiwa kwenye kebini unaiona pua ikienda kushoto huku boila bado linatazama mbele, na ile sehemu ya nyuma yako haijaamua. Mara ya kwanza nilidhani tumeacha reli. Dereva aliona nimeshika mlango, akaniambia kama nataka kuruka niruke upande wenye kivuli.

Niliajiriwa miaka ya mwisho ya mvuke. Siku ya kwanza sikupewa spana wala ufagio. Nilikabidhiwa kwa fundi wa boila, Mzee Mulwa, Mkamba mwenzangu kutoka Matinyani kule Kitui. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, na aliongea kwa kupiga kelele hata akikuomba chumvi. Mafundi wote wa boila waliongea hivyo, maana kazi ile hula masikio. Akaniambia nivue koti, akaniingiza kwenye chumba cha moto kupitia mlango ambao mtu mnene hapiti, kisha akanifuata na taa na nyundo ndogo.

Chumba cha moto kina kuta mbili, na kati ya kuta hizo kuna maji. Kinachozizuia zisiachane ni vijiti vya chuma vinavyoitwa stei, zaidi ya elfu moja, kila kimoja unene wa kidole gumba. Mvuke unasukuma, stei zinavuta. Kila stei imetobolewa kitundu chembamba kinachoingia katikati yake, ili ikipata ufa huko ndani, maji yapite kwenye kitundu yatokeze nje. Kitundu kikivuja, unajua stei inaumwa kabla haijakatika.

"Funga macho," Mzee Mulwa akasema.

Akagonga stei moja. Ikalia, nyundo ikaruka. Akagonga ya pili, nayo ikalia. Ya tatu ikatoa sauti kama ya gunia la mahindi likiwekwa sakafuni.

"Hiyo imefanya nini?"

"Imekatika."

"Iko wapi?"

Nikanyoosha kidole nikiwa bado nimefunga macho. Nilikosea kwa stei mbili.

"Rudi kesho," akasema. Sikuwahi kufanyiwa usaili mwingine maishani.

Nilikaa chini yake miaka minne. Alinifundisha kugonga kuanzia chini kwenda juu, nisigonge nikiwa na njaa, na mtu akinisemesha katikati nianze upya safu nzima. Alinifundisha kufunga viungo vya bomba la mvuke, yale mabomba ambayo kwa garati lazima yageuke pamoja na magurudumu. Ukiyakaza sana yanapasuka konani, ukiyalegeza unampika dereva. Na alinipa sheria moja. Stei moja iliyokatika si neno. Mbili zilizo mbalimbali si neno. Tatu zinazokaa jirani, usiwashe moto, hata kama ni rais anayengoja kwenye behewa.

Halafu dizeli zikachukua reli yote. Garati zilikatwa moja moja kwa gesi, na baadhi yetu tulipangiwa kazi ya kuvuta mitungi. Agizo lilisema itabakizwa moja, ile itakayopita ukaguzi, kwa ajili ya kumbukumbu na safari za wageni. Zote zilizokaguliwa zilikutwa na kasoro isipokuwa moja. Mzee Mulwa aliikagua mwenyewe peke yake, ikawa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Alitoka kwenye chumba cha moto, akajifuta uso, akaniambia, "Hii ni nzima. Itunze." Akarudi Kitui. Mimi nikapelekwa Mtito Andei pamoja na injini, kwenye banda la mabati mwisho wa reli ya pembeni.

Mwanzoni tulikuwa watu sita. Mara chache kwa mwaka tuliiwasha, tukavuta mabehewa ya wageni hadi Makindu na kurudi, kwa mvuke wa chini. Kabla ya kila safari niligonga stei zote, nazo zililia. Kisha dereva akastaafu. Faiamani wake, mtunza moto, akahamishwa. Safari zikapungua, mwisho zikaisha. Reli mpya ilipojengwa, treni za reli yetu zikawa za kuhesabika, na landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, zikabaki na milango inayofungwa kwa waya. Nilibaki mimi.

Sijui niwaelezeje miaka hiyo. Kazi ilikuwepo. Injini isiyotembea huharibika haraka kuliko inayotembea. Nilipaka mafuta, nikasukuma magurudumu nusu mzunguko kwa wenzo ili yasikae mahali pamoja, nikafukuza nyuki kwenye bomba la moshi. Ndovu walikuja kutoka mbugani kutafuta maji ya tangi. Hao ndio wakaguzi pekee waliofika bila kutangaza. Kila Jumatatu nilijaza fomu ya mkutano wa usalama kazini. Waliohudhuria: mmoja. Waliotoa udhuru: hakuna. Maoni kutoka kwa wajumbe: hakuna. Jioni nilitembea hadi barabara kuu, kwenye hoteli za madereva wa malori, nikaagiza chai nisiyoitaka, ili tu mtu aniulize, "Mzee, umeshindaje?" Wengi wao ningewaona mara hiyo moja tu.

Mke wangu, Mwikali, alikuwa huku Nunguni na shamba. Nilikuja kila mwisho wa mwezi. Nilimwambia mara nyingi kwamba nikistaafu tutakaa tuongee vizuri, maana siku mbili hazitoshi, zinaishia kwenye habari za mbolea na paa linalovuja. Aliugua wiki moja tu. Nilifika akiwa bado ananitambua, lakini kuongea hakuweza tena. Baada ya mazishi nikarudi bandani, nikajaza fomu ya Jumatatu.

Nikiwa nimebakiza nusu mwaka nistaafu, ikaja barua kwamba kutakuwa na safari ya kumbukumbu. Garati iwashwe, ivute mabehewa manne kutoka Mtito Andei hadi Makindu, na ndani watakuwemo wakubwa, wageni, na watoto wa shule tatu. Niliisoma nimesimama, nikatafuta mtu wa kumwonyesha. Nikaenda kuionyesha kwenye hoteli ya malori. Mwenye hoteli akasema, "Wah! Hongera, mzee," akaendelea kukaanga mayai.

Nilifanya kazi wiki saba kama mtu aliyerudishiwa umri wake. Niliosha boila, nikafunga viungo vya mvuke upya. Mwisho nikaingia kwenye chumba cha moto na nyundo, nikaanza chini kushoto, safu kwa safu. Karibu na dari, kona ya juu kushoto, stei moja ikajibu vibaya. Nikagonga ya jirani, nayo vilevile. Na nyingine. Na nyingine. Nne, zote pamoja.

Nikatoka, nikanywa maji, nikakaa nje saa nzima. Nikarudi nikaanza safu upya kama nilivyofundishwa. Zilikuwa zilezile nne.

Sasa lililonichanganya ni vitundu. Nilijaza boila maji, nikapandisha shinikizo kwa pampu ya mkono kupita kiwango cha kazi. Stei zilizokatika zingepaswa kuvuja kwenye vitundu vyake. Vilikuwa vikavu kabisa. Mkaguzi aliyeletwa kutoka mjini alitazama geji, akatazama vitundu, akaandika kwamba boila limepita. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, "Mzee, nyundo ni njia ya zamani."

Hapo nikafikiri juu ya masikio yangu. Nimegonga vyuma miaka hii yote. Je, kama ni mimi? Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwuliza. Nikapitia Kibwezi, nikashika barabara ya Kitui, nikafika Matinyani mchana.

Mzee Mulwa alikuwa kibarazani na bintiye Kalunde, mwanamke wa makamo anayemtunza. "Hasikii kitu," Kalunde akaniambia. "Tunamwandikia." Juu ya meza kulikuwa na daftari la shule na kalamu.

"Musyoka! Wi museo?" Mzee Mulwa akanisalimu Kikamba kwa kelele, akanishika mikono yote miwili. "Nimesikia wanaiwasha! Kalunde alisoma kwa simu, akaniandikia. Na mimi nitapanda. Nikae kebini tu, sitagusa kitu. Kusikia sisikii, lakini nitaisikia kwa miguu!"

Nikachukua daftari nikaandika: Stei nne zimekatika. Kona ya juu kushoto. Ziko jirani.

Akavaa miwani, akasoma. Alikaa na lile daftari muda mrefu kuliko maneno yale yalivyohitaji.

"Vitundu vinavuja?"

Nikaandika: Vikavu.

"Basi ni nzima. Vitundu havidanganyi."

Nikaandika: Nyundo inasema zimekatika. Ulinifundisha wewe.

"Nyundo inategemea sikio, na sikio linazeeka. Niangalie mimi." Akanirudishia daftari. "Weka sahihi, Musyoka. Mimi nimebakiza miaka mingapi? Weka sahihi tupande."

Kalunde alinisindikiza hadi njiani. "Amekuwa akiingoja hiyo siku kama mtoto," akasema. Nikapanda gari nikiwa nimechoka zaidi ya nilivyokuja. Mtu aliyenipa sheria ndiye ananiambia niivunje, na pengine alikuwa anasema kweli.

Meneja alikuja bandani siku mbili kabla ya safari. Kijana mwenye heshima, amesoma.

"Mzee Musyoka, karatasi ya mkaguzi iko hapa. Imepita."

"Nimeiona."

"Sasa shida iko wapi?"

"Kona ya juu kushoto."

"Umesikia na nyundo."

"Ndiyo."

"Na nani mwingine amesikia?"

Nikamwomba aingie, na nawaambia ukweli, aliingia, na suti yake, kwa ule mlango mdogo. Nikagonga stei nzima, nikagonga iliyokatika. Nikagonga tena.

"Kwangu hizo zote ni chuma tu," akasema. Hakuwa ananidharau. Alisikiliza kwa bidii, hakusikia kitu.

Tulipotoka akajipangusa magoti. "Unajua watoto wameshaambiwa? Unajua ikikataa leo, hakuna mtu atauliza tena habari ya garati?"

"Najua."

"Unaenda nyumbani hivi karibuni. Kwa nini usimalize vizuri?"

"Ndiyo namaliza," nikamwambia. "Siwashi."

Hakukuwa na mwingine anayejua kuiwasha, kwa hiyo maneno hayo yalitosha. Alikwenda nje kupiga simu, nikamsikia akisema jina langu na neno "kaidi."

Safari ilifanyika. Mabehewa yalivutwa na dizeli. Garati ilivutwa nje ya banda ili watu wapige picha, nami nikaambiwa nivae sare nikae kebini. Nilikaa. Watu walipanda, wakashika vipini, wakashuka. Mwalimu mmoja aliuliza, "Kwani imekufa?" Nikamwambia imepumzika. Akaniambia pole, kwa sauti ile ya matangani.

Mzee Mulwa alikuja. Kalunde alikuwa amemshika mkono, naye amevaa koti lake la kazi lililopigwa pasi. Hakupanda. Alisogea kwenye boila, akaweka kiganja, akakiacha pale kama anayepima homa. Lilikuwa baridi. Akanitazama kule juu, kisha akageuka wakaondoka. Sikushuka. Ningemwandikia nini?

Mwezi uliofuata karakana kuu ilituma mafundi wawili waje wang'oe zile stei nne. Nilielewa kwamba walitumwa kuthibitisha nimekosea, ili faili lifungwe. Walizitoa, wakazipanga juu ya gunia. Tatu zilikuwa zimekatika kabisa. Mkatiko wake ulikuwa mweusi wa kutu, wa miaka mingi. Ya nne ilishikiliwa na chuma cha unene wa ukucha. Mmoja wa mafundi akatoka nje akavuta sigara.

Kisha tukaviangalia vitundu. Vyote vinne vilikuwa vimezibwa. Mtu alikuwa amekata misumari midogo, akaigongomea ndani, akaipiga tupa mpaka ikalingana na chuma, akapaka rangi. Kazi safi mno. Wakati vinazibwa ufa ulikuwa bado mdogo, ndiyo maana nyundo yangu miaka ile ya safari za wageni haikuona kitu, na kadiri ulivyokua, kitundu hakikuwa na mdomo wa kusema. Katika ripoti niliandika kwamba vitundu vilizibwa na mtu asiyejulikana. Lakini tupa ya mtu unaifahamu kama mwandiko wake, na hii niliijua.

Nikafunga stei moja kwenye gazeti nikaenda Matinyani.

Mzee Mulwa alikuwa anapukuchua mbaazi. Nikamwekea stei mkononi. Aliigeuza, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja mahali pa msumari.

"Kalunde, lete chai," akasema, ingawa chai ilikuwa mezani. Kalunde akaelewa, akaingia ndani.

"Vilikuwa vinavuja vyote vinne," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ya chini. "Kidogo tu, kama jasho. Stoo haikuwa na stei hata moja, walikuwa wameacha kuagiza. Ningeandika vinavuja, wangeikata Jumatatu kama zile zingine."

Nikaandika: Kwa nini uliniambia niweke sahihi?

Alisoma, akaweka miwani kando. "Nilitaka kupanda. Nilijiambia nitakaa mbele ya mlango wa moto, kikitokea kitu kinianze mimi." Akapukuchua mbaazi moja. "Watoto niliwakumbuka ukiwa umeshafika barabarani. Nikamwambia Kalunde akupigie. Nikamwambia aache. Nikamwambia tena akupigie."

Simu hiyo sikuipata. Sikumwuliza Kalunde kama ilipigwa.

Nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo. Karibu watoto wa shule tatu wapande nyuma ya boila lile. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililonikaa kifuani. Kama angeandika ukweli siku ile, garati ingekatwa, mimi ningepelekwa kwenye dizeli Nairobi pamoja na wenzangu, ningekuwa na watu wa kula nao chakula cha mchana. Pengine Mwikali angehamia huko. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa yamekaa juu ya misumari minne. Sikujua kama mzee huyu alinipa kitu au aliniibia, na sikupata namna ya kuandika hivyo kwenye daftari la shule. Nikamwandikia tu kile nilichoweka kwenye ripoti: mtu asiyejulikana.

Alisoma, akakasirika kweli. "Asiyejulikana? Boila zote za line hii nimezigonga mimi, leo mimi ni mtu asiyejulikana?" Akaninyang'anya kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, polepole, kama kwenye fomu za ukaguzi: JOSHUA MULWA KITONGA, FUNDI BOILA. Akachana karatasi. "Weka hiyo. Na waje waniulize. Nitawaeleza kila kitu, na stoo nitaitaja."

Nilirudi nikaandika ripoti upya na jina lake ndani. Meneja aliisoma yote mbele yangu, akauliza kama mzee huyo yuko hai. Nikasema yuko hai, nikamchorea hata njia: ukipita soko la Matinyani, nyumba ya pili baada ya kanisa. Akasema watamtuma mtu.

Hadi leo hawajamtuma. Kalunde aliniambia kwamba kila asubuhi baba yake anaoga, anavaa shati la kola, anakaa kibarazani akitazama njia. Kwa hiyo huwa naenda mimi, kila baada ya wiki mbili au tatu. Akiona mtu anatokea pale kanisani anasimama wima, anashika nguzo, anafunga kifungo cha juu. Nikikaribia akiona ni mimi, anakaa tena, anasogea kidogo upande, na mimi nakaa.